Naomba ushauri: Wi-Fi haipenyi kuta za mawe, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum ndugu zangu, poleni na kazi.

Tuna nyumba ya familia ya ghorofa tatu Mji Mkongwe, Unguja, tunapokea wageni. Ni ya zamani, ya mawe na chokaa. Kuta zina unene wa karibu nusu mita, na katikati kuna ua ulio wazi hadi juu. Rauta iko chini, chumba cha mbele, faiba inakoingilia. Hapo napata megabiti 40 vizuri. Juu kabisa simu inashika kijistari kimoja, kisha inakata. Mgeni anapanda na kompyuta yake, baada ya muda namkuta amekaa ngazini ndipo afanye kazi. Inaniuma kwa kweli, maana watu wamelipia.

Nimehamia masafa ya 2.4 GHz, yanayopenya kuta zaidi, badala ya 5 GHz, ikasogea kidogo tu. Nikaweka ripita (kifaa cha kurudia mawimbi ya Wi-Fi) ngazini: vijistari vikajaa, lakini kasi ikashuka nusu, kwa kuwa inapokea na kurusha kwa redio ileile.

Fundi mmoja ananiambia ninunue meshi ya vifaa vitatu vinavyopokezana Wi-Fi bila waya. Mwingine anasema nayo itagonga kuta zilezile, bora nipandishe kebo ya mtandao ya Cat6 uani na kuweka akses pointi (kifaa cha kurusha Wi-Fi) kila ghorofa. Kutoboa kuta hizi sitaki, nyumba iko ndani ya eneo la hifadhi.

Kwa mliofunga nyumba za aina hii: meshi isiyo na waya inaweza kuonana kupitia huo ua? Na kama ni kebo, nichukue ya aina gani ihimili jua, mvua na chumvi ya bahari?

Natanguliza shukrani.