Natengeneza aplikesheni ya kuhesabu milima na hifadhi mtu alizofika, naombeni ushauri

MwanaLoleza:
Wakuu salaam. Mchana nafanya hesabu za duka, usiku naandika programu, likizo napanda milima. Miaka yote orodha ya sehemu ninazotaka kufika imekaa nyuma ya daftari la mauzo. Sasa naihamishia kwenye simu. Unachagua malengo yako, mfano Hanang, Rungwe, Kitulo, maporomoko ya Sanje. Ukifika, simu inapiga tiki yenyewe na kukuchorea njia uliyopita.

Nikiwa mezani inafanya kazi safi. Kasheshe iko porini. Juzi nimepanda Lupanga pale Morogoro, simu mfukoni. Nafika juu, ukungu, miti imefunga, natoa simu nijipongeze. Inaniambia "bado mita 45". Nimesimama kileleni! Kucheki ramani, kuanzia migombani mpaka pale juu hakuna njia, kuna mstari mmoja mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo.

Duara la kilele, yaani umbali ambao simu inakubali kwamba umefika, lilikuwa mita 20. Nikalipanua, nikampa rafiki ajaribu. Saa mbili usiku ananitumia picha ya kioo cha simu yake: Kilimanjaro, Meru na Hanang zote kamaliza. Yuko Kijitonyama, Dar, anakula chipsi.

Kwa hiyo shida yangu ni hii: nifanyeje irekodi bila mtandao na bila kumaliza betri, na hawa wajanja niwazuieje? Naomba kuwasilisha.

Bisibisi:
Mkuu, kwanza tuelewane: GPS haili bando. Simu inapokea tu mawimbi ya setelaiti. Mtandao unasaidia ipate mahali haraka pale mwanzo, basi. Mwambie mtumiaji afungue programu getini, asubiri ishike, ndipo aanze kupanda.

Huo mstari wa kamba ni simu yenyewe imeua programu yako ili kuokoa betri. Android ina utaratibu wa kazi inayoendelea huku arifa yake inaonekana muda wote. Tumia huo, halafu muombe mtumiaji aitoe programu kwenye orodha ya kubana betri. Na nakuhisi unachukua nukta, yaani alama ya mahali mtu alipo, kila sekunde. Mpanda mlima anatembea kama kinyonga, nukta moja kwa dakika inatosha kabisa. Hifadhi kila kitu kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya ndani ya simu, mambo ya seva yasubiri wakishuka.

Chini ya miti kosa la mita 30 au 50 ni kawaida, kwa hiyo duara la mita 20 lilikuwa la kujitesa. Usitegemee kimo pia. Kwa kawaida Android inakupa kimo cha juu ya umbo la kihesabu la dunia, siyo juu ya usawa wa bahari, utashangaa namba hazilingani na kibao cha kileleni.

Huyo wa chipsi katumia programu ya kudanganya mahali. Android inaweza kukuambia nukta ni ya kughushi, soma alama hiyo. Halafu dai njia, siyo nukta moja: mtu hawezi kutokea Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, bila kupita popote.

Kobe mzee:
Nimeweka kambi hapa, najifunza.

Mzee wa Horombo:
Mdogo wangu, mimi ni muongoza watalii Kilimanjaro, njia ya Marangu. Hayo ya betri nitakupa moja tu: baridi inaiua. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, usiku ilale na mwenye nayo.

Lakini nina neno kubwa kuliko betri. Tunatoka kambi ya Kibo usiku wa manane. Alfajiri tuko Gilman's, kituo cha ukingoni mwa kreta, mita 5,685. Uhuru ni 5,895. Hizo mita 210 ndizo zinazonikosesha usingizi. Nimekuwa na mgeni ana ugonjwa wa kimo, katapika mara tatu, anayumba kama mlevi, nikimwambia tushuke ananionyesha saa ya mkononi: "bado kidogo, haijahesabu." Yule hakuwa anabishana na mimi, alikuwa anabishana na saa.

Sasa wewe ukiweka tiki moja tu, ya Uhuru, unaniongezea wagonjwa. Hifadhi yenyewe inatoa cheti kwa aliyefika Gilman's, na cha kwake tofauti kwa aliyefika Uhuru. Hata wewe hesabu kambi ya Horombo, hesabu Gilman's, hesabu Stella iliyo kati ya Gilman's na Uhuru. Na aliyegeuka kwa sababu ya afya mpe alama yake ya heshima, asionekane kashindwa.

Bisibisi:
Mzee hapo umemaliza. Mleta mada, hiyo ni kazi ya jioni moja tu kwenye hifadhidata: lengo moja, vituo vingi.

MamaPacha:
Mbona orodha yote milima mikubwa na viingilio? Sisi wenye watoto wawili na mshahara mmoja tuwekee Pugu, Irente kule Lushoto, Amani. Kitulo nayo bila msimu wa maua haina maana, andika mwezi.

Na tafadhali, mahali mtu alipo pasionekane na watu wengine wakati bado yuko njiani. Natembea na wasichana. Ionekane tukisharudi, tena tukitaka wenyewe. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2022, usijifanye hujaisikia.

Nyeri_Baridi:
Hongera kaka, kazi safi. Ukifika Mlima Kenya usiweke kilele cha Batian, mita 5,199, kama lengo la kila mtu. Hapo ni kamba na kupanda mwamba. Sisi wa kutembea kwa miguu mwisho wetu ni kilele cha Lenana, mita 4,985, na tumeridhika.

Bisibisi:
Nilisahau ramani. Usivute vipande vya ramani kwa wingi kutoka seva ya OpenStreetMap, ile ramani huria ya dunia, kanuni zao zinakataza. Chukua data, tengeneza faili lako la kila eneo. Na kama akaunti yako ya Play Store ni mpya na ni ya mtu binafsi, utadaiwa wajaribu 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuachia hadharani. Anza kuwatafuta sasa.

MwanaLoleza:
Wakuu nimesoma yote mara mbili. Duara nimeweka mita 80, nukta kwa dakika, na njia ni lazima. Mzee wa Horombo, vituo naingiza leo usiku. Ila ile alama ya aliyegeuka sijapata jina lake, "Umeshindwa" nimeifuta. Nipendekezee. Dada, mahali pamefichwa mpaka mtu mwenyewe aruhusu, na Pugu imeingia.

Wajaribu nina saba. Huyo wa chipsi simhesabu.

Mzee wa Horombo:
Iite "Umerudi salama". Mimi wa nane.