Mrejesho: Kompyuta iliyokuwa inaganda nikihariri video imepona

Wakuu, nimerudi. Kwa ambaye hakuona: kompyuta yangu ya kuhariria video za harusi ilikuwa inaganda, skrini inageuka bluu na maandishi VIDEO_TDR_FAILURE, kisha inajiwasha upya. Wengi mlisema ni pawa saplai (kifaa kinachoilisha kompyuta umeme). Niliazima nyingine kwa jirani, siku ileile ikaganda tena. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) nayo niliipima usiku kucha, haikuonyesha kosa lolote.

Aliyeniambia nitazame draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi ya grafiki, ile inayotoa picha kwenye skrini) ndiye aliyepatia. Kwenye kumbukumbu za matukio za Windows nilikuta tukio namba 4101 (draiva ya skrini iliacha kujibu, kisha ikarudi) limejirudia mara nyingi, na la kwanza ni la jioni ileile draiva mpya ya kadi ya grafiki ilipoingia. Nilivyoelewa, Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu. Isipojibu, inajaribu kuiamsha draiva upya. Ikishindikana, ndipo bluu inakuja.

Kuiondoa draiva kwa njia ya kawaida hakukusaidia, mabaki yalibaki. Nilichomoa kebo ya intaneti kwanza (hili msilisahau, la sivyo Windows inajipakulia draiva ileile tena), nikaingia sefu modi (Windows inawaka na vitu vya msingi tu), nikasafisha kwa DDU (programu ya kufuta draiva za kadi ya grafiki pamoja na mabaki yake), halafu nikaweka toleo la zamani nililokuwa nalo kabla ya matatizo.

Leo ni siku ya 11. Jana nimetoa video yenye urefu wa saa 2 bila kukwama, na bwana harusi kapata video yake. Asanteni sana, hasa mkuu wa draiva. Umeniokolea pesa ya kadi mpya.