Naomba ushauri: "wa" ya Kijapani na "neun" ya Kikorea zinapolinganisha

Wakuu, habari za saa hizi. Naandaa somo kwa wenzangu tunaojifunza lugha hizi mbili, na kuna mahali nimekwama.

Kwamba "wa", kijineno kinachofuata nomino, inatambulisha mada (kile kinachozungumziwa), hilo watu wanalielewa haraka. Kazi ipo kwenye kulinganisha. "Sakana wa tabemasu ga, niku wa tabemasen": samaki nakula, ila nyama siili. Hapo pande zote mbili zimetajwa, hakuna utata. Sasa mtu akisema "niku wa tabemasen" peke yake, msikilizaji anaweza kujiongezea kwamba vingine anakula. Angetumia "o", kijineno cha kawaida cha mtendwa, badala ya "wa", dokezo hilo lisingejitokeza.

Kikorea nacho ni hivyo hivyo: "gogi-neun an meogeoyo", yaani nyama siili. Tena huku kuna hatari zaidi. Mwambie mtu "eolgul-eun yeppeoyo", yaani sura ni nzuri, anaweza kununa kabisa, kwa sababu ile "eun" (ndiyo "neun" ikifuata konsonanti) inamfanya ajiulize tabia yake umeionaje.

Mwanaisimu Susumu Kuno alishazitenganisha "wa" ya mada na "wa" ya kulinganisha tangu miaka ya 1970, lakini kwenye mazungumzo zinafanana umbo. Je, niwafundishe wategemee mkazo wa sauti, au muktadha kwanza? Na kwa sisi Waswahili, ni sawa kuanzia kwenye "nyama siili", ambapo nyama imetangulizwa, au nitawapoteza? Waliowahi kufundisha, naombeni mnisaidie, hasa kwa mifano ya sentensi zenye upande mmoja tu.