MJADALA: Kazi inakutesa, utoke kabla hujapata nyingine au uvumilie?

MLETA MADA (Kampala)
Wadau habari za jioni, hili jambo tulijadili bila kufichana. Hapa kwetu ukimwambia mtu unataka kuacha kazi anakujibu "wenzio wanaitafuta", ukisogea kidogo "watoto watakula nini", basi maongezi yameisha. Mimi nasema kinachotufunga wengi ni mikopo.

Mdogo wangu ni keshia kwenye duka moja la jumla, anaingia saa moja asubuhi anatoka saa tatu usiku, siku sita kwa wiki, pesa ikipungua kwenye droo anakatwa yeye hata kama kuna mwingine alikaa hapo wakati yeye ameenda kula, supavaiza anamfokea mbele ya wateja, yaani ikifika Jumapili jioni chakula hakipiti kooni. Nikamuuliza mbona hutoki? Akanitolea karatasi ya mshahara. Benki imeshakata juu kwa juu, SACCO nayo imekata, na kadi yake ya ATM anayo mkopeshaji wa mtaani pamoja na namba ya siri, kwa hiyo mwisho wa mwezi anaenda kukaa kwenye benchi la yule bwana akisubiri apewe kilichobaki cha jasho lake mwenyewe. Sasa mtu kama huyo unamwambiaje habari za ujasiri?

Hoja yangu: kazi ikishaanza kukutesa usiongeze mkopo juu ya mkopo hata benki ikupigie simu kila wiki, kutoka kunaanzia hapo. Na deni likiisha, kama afya inaharibika, toka hata kama hujapata nyingine. Mnasemaje?

BABA WATATU (Mbarara)
Hiyo ya mikopo nakuunga mkono, ila ya mwisho napinga kabisa. Uganda hii ukikosa kazi serikali haikupi hata senti. Muhula wa pili unafunguliwa mwezi wa tano, shule haitakuuliza kama bosi wako alikuwa mkali, mtoto anarudishwa nyumbani. Na hiyo kazi nyingine unayoenda kuitafuta utalipwa ngapi? Kima cha chini cha kisheria ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, hiyo haifiki hata nauli ya wiki. Bunge lilipitisha muswada mpya 2019, rais akakataa kuusaini. Kwa hiyo ukienda kuomba kazi ukiwa na njaa, bosi mpya anakupangia bei anayotaka yeye. Afadhali uombe huku bado una mshahara.

MWALIMU WA HISTORIA (Mbale)
Mimi nilibaki. 2022 walimu wa sayansi wenye digrii walipandishwa hadi milioni 4 kwa mwezi, sisi wa sanaa tukaachwa palepale, tukagoma, tukarudi darasani. Tunakaa meza moja kwenye chumba cha walimu, tunasahihisha usiku uleule. Inauma mpaka leo, sitadanganya. Lakini nikiingia S6, kidato cha sita, na watoto wanaanza kubishana kuhusu mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, najua kazi yenyewe sina ugomvi nayo, ugomvi wangu ni na anayelipa. Mleta mada muulize mdogo wako, akipewa bosi mwingine palepale kaunta, atataka kutoka?

NIKO HR (Jinja)
Wengi wanaharibu kwa kutoweka tu, simu wamezima. Msifanye hivo jamani. Sheria ya ajira ya 2006 inataka notisi: ukiwa umefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano ni mwezi mmoja, mitano hadi kumi miezi miwili, kumi kwenda juu miezi mitatu. Ukiondoka omba cheti cha utumishi, wakupe.

Ila kwa huyo keshia kuna kubwa zaidi. Masaa kumi na nne mara siku sita ni masaa 84, sheria inasema 48 kwa wiki. Mtu akilazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri anamtendea isivyostahili, sheria inaweza kuhesabu kwamba ameachishwa, na malalamiko anayapeleka kwa afisa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Asiandike "natoka kwa sababu zangu binafsi" kwenye barua, akiandika hivo amejifunga. Aandike sababu yenyewe.

Halafu NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni, msiitegemee kama mto wa kulalia. Kwenye mshahara wa laki nane wewe unakatwa 40,000 na mwajiri anaongeza 80,000, ukitoka zote zinasimama. Na kuzichukua ni miaka 55, au 50 kama umekaa mwaka bila ajira. Ukiwa na 45 na umechangia miaka kumi unapewa asilimia 20 tu. Kijana wa miaka 29 hana chake pale kwa sasa.

MLETA MADA (Kampala)
Baba watatu, shikamoo, nimekuelewa kuhusu ada. Lakini wewe una afya ya kuomba kazi ukiwa kazini. Huyu anafika nyumbani saa nne usiku miguu imevimba, maombi ya kazi ataandika saa ngapi na usaili ataenda siku gani? Hapo ndo nabaki na msimamo wangu.

Mwalimu, nilimuuliza sasa hivi kwa simu. Kasema kaunta anaipenda, na akili ya kuhesabu anayo, ni lile duka. Kwa hiyo anatafuta kaunta nyingine. Na masaa anaanza kuyaandika kwenye daftari kuanzia kesho, kuingia na kutoka, pamoja na kila pesa anayokatwa.

Kilichobaki ni ile kadi. Kuna mtu hapa aliyewahi kuacha kazi mkopo ukiwa bado haujaisha? Mlipatana vipi na benki, na yule wa mtaani alikubali kurudisha kadi?