Kemia Mlimani, Bayoteknolojia Mlimani au Ualimu wa Sayansi Chang'ombe? Naomba mawazo kabla dirisha halijafungwa

Shangazi wa Kigamboni

Habari za jioni wana jukwaa. Nakaa na mtoto wa kaka yangu hapa Kigamboni tangu alipoanza kidato cha tano. Amemaliza PCB (fizikia, kemia na biolojia), amefaulu vizuri, ila si kwa kiwango cha kugombania udaktari Muhimbili. Baba yake yuko Songea na hilo bado hajalikubali.

Sasa dirisha la maombi liko wazi na mezani zimebaki kozi tatu: Kemia pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Biolojia ya Molekuli na Bayoteknolojia hapohapo Mlimani, na Sayansi na Ualimu (kemia na biolojia) DUCE, Chang'ombe. Ipi iwe chaguo la kwanza? Mimi ni karani, sayansi tuliachana kidato cha pili. Nikifungua tovuti ya chuo naona ndaki, shule kuu, taasisi, idara, kichwa kinauma. Kijana mwenyewe ukimuuliza anasema "yoyote tu shangazi", na hilo ndilo linanitisha.

Kipimajoto

Shangazi, ndaki ni kitivo kilichopandishwa cheo. Kiongozi wake ni rasi, wa zamani aliitwa mkuu wa kitivo. Mengine waachie wenyewe.

Mzee wa Vimbweta

Kipimajoto anatania lakini hajakosea sana. Ngoja nikueleze mpangilio, maana ukiujua ndipo utaona hizo kozi tatu ni watoto wa nyumba moja.

Chuo kilianza Oktoba 1961 pale mtaa wa Lumumba, kwenye jengo la TANU, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Wanafunzi 14, wote wa sheria. Kikapanda Mlimani 1964, na mwaka uliofuata, 1965, Kitivo cha Sayansi kikafunguliwa. Wakati huo tulikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenye kujitegemea ni cha tarehe 1 Julai 1970.

Nchi ilikuwa changa, wataalamu wa kuhesabu kwa vidole, na shule za sekondari zilikuwa zinalia walimu wa sayansi. Idara zikawa za msingi kabisa: fizikia, kemia, hisabati, botania, zuolojia. Jiolojia ikaja 1974. Mimi niliingia 1979, na sikutoka kidato cha sita moja kwa moja. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza, kwa hiyo nilitangulia kupanga mafaili miaka miwili ndipo nikashika bureti.

Baadaye watoto wakakua wakahama. Kompyuta iko Kijitonyama, kwenye ndaki ya tehama, hatua chache kutoka kituo cha daladala kinachoitwa Sayansi kwa sababu ya jirani yake, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Jiolojia imeingia shule kuu ya madini. Mambo ya uvuvi na viumbe wa majini yana shule kuu yake. Waliobaki kwenye mji wa zamani ndio hao wanaoitwa Ndaki ya Sayansi Asilia na Tumizi: kemia, fizikia, hisabati, botania, zuolojia na uhifadhi wa wanyamapori, na huyo mdogo wao, biolojia ya molekuli. DUCE nayo ni chuo kishiriki cha hukohuko, kilichoanzishwa 2005 kwenye majengo ya chuo cha ualimu Chang'ombe.

Kwa hiyo anachochagua hapa ni idara. Jina la chuo ni moja.

Shangazi wa Kigamboni

Shikamoo mzee. Sasa nimeelewa. Kwamba hata cheti cha Chang'ombe ni cha nyumba hiyohiyo sikujua.

Mwalimu wa Mbagala

Nimesoma DUCE, nafundisha kemia na biolojia sekondari mwaka wa tisa huu. Ngoja niseme ukweli wote, mtamu na mchungu.

Mtamu: kozi ina mlango unaoujua. Ukimaliza unaitwa mwalimu, shule zipo za serikali na binafsi, na mwalimu wa sayansi hata akikaa anasubiri ajira hakosi tuisheni. Kutoka Kigamboni unavuka daraja, Kurasini, umefika. Chuo kiko jirani na uwanja wa Mkapa, siku ya Simba na Yanga ndiyo usithubutu kupanga kujisomea.

Mchungu: unasoma vitu vitatu kwa wakati mmoja. Kemia yako, biolojia yako, na masomo ya ualimu, saikolojia, mbinu za kufundishia. Kemia inakuwa pana kiasi, haizami kama ya yule anayesoma kemia tupu. Na ajira ya serikali inakupeleka inakotaka. Mimi nilianzia shule ambayo sitaitaja, maabara yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati lililofungwa na ufunguo ulioondoka na mtu. Titresheni niliifundisha kwa chupa za maji ya kunywa na sindano za hospitali. Nikazoea, na watoto wakafaulu, lakini wa kwangu nisingependa aingie kwenye hii kazi kwa kukosa pengine pa kwenda.

Mkemia wa Zamu

Kemia Mlimani, nimemaliza, niko maabara ya kiwanda huku Tabata. Zamu ya usiku ndiyo maana nipo macho.

Dada, swali la kwanza muulize kijana kama ana subira. Kemia ya kidato cha sita ni rangi kubadilika kwenye chupa, kila mtu anaipenda. Kemia ya chuo ni kukaa saa nne unasubiri kitu kichuje, halafu unaambiwa jibu lako limezidi, rudia. Mwaka wa kwanza hisabati na fizikia zinakufuata pia, na waliotoka PCB hapo ndipo sapu, mitihani ya kurudia, zinapowakuta. Wenye PCM, waliosoma hisabati, wanacheka, wewe unatafuta madesa (notsi za wenzako) kwenye vimbweta, zile meza za zege za nje, usiku na mbu wanakula miguu.

Uzuri wake ni kwamba haichagui kiwanda. Sabuni, rangi, saruji, vinywaji, dawa, maji ya DAWASA, wote wanahitaji mtu wa kupima. Shirika la Viwango liko hapo Ubungo, ukiteremka Mlimani umefika. Mkemia Mkuu wa Serikali naye ana maabara mjini. Ubaya: hakuna mtu anayekungoja mlangoni. Mimi nilizunguka na bahasha mwaka na miezi, mahali pamoja wakanitumia miezi mitatu kwa ahadi ya mkataba, mwisho wakasema nafasi imefutwa. Kilichonitoa ni ile mashine niliyokuwa nimejifunza kuitumia wakati wa fildi, mafunzo ya vitendo. Huko kwingine walikuwa wanaangalia cheti, huyu aliyeniajiri aliuliza, "unaijua hii?"

Binti Vinasaba

Nami nimesoma hiyo ya molekuli. Watu watakuuzia kwa jina. Jina lake likitajwa kwenye harusi, wazee wanatikisa kichwa kwa heshima.

Masomo ni mazuri, sitaki kudanganya. Unajifunza kusoma vinasaba, kuotesha mimea kwenye chupa, kufanya kazi na vimelea. Lakini vitendanishi vyake ni ghali na vingi vinaagizwa nje. Kichupa kidogo cha kimeng'enya kinakaa kwenye friza kama yai la dhahabu, mnagawana matone, na umeme ukikatika kila mtu anakimbilia jenereta. Kwa hiyo kipimo kimoja mnafanya watu wengi mmezunguka meza, wa mbele anashika pipeti, wa nyuma anaona migongo.

Kazi nyingi za fani hii ziko kwenye utafiti, na utafiti unataka uzamili. Shangazi jiulize: mna uwezo au moyo wa kumngoja miaka mingine miwili au zaidi? Kama ndiyo, mpeleke. Na kwa taarifa tu, vipimo vya vinasaba vya "mtoto ni wa nani" vinafanyika kwa Mkemia Mkuu. Kwa hiyo mkemia na mimi tunaweza kuishia korido moja.

Mzee wa Vimbweta

Mimi naona mnamnyima kijana chaguo la nne. Amesoma PCB, mbona hakuna anayemtajia botania wala zuolojia?

Mwani unaolimwa Zanzibar na pwani yote hii, akina mama wakauza nje ya nchi, ulipitia idara ya botania pale Mlimani. Profesa Keto Mshigeni aliuchunguza miaka ya 1970, wakati wengine wanauona ni takataka za bahari. Na zuolojia? Chura wa Kihansi mnamcheka, lakini mnamjua? Sentimita mbili hivi, anazaa watoto badala ya kutaga, na alikuwa anaishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi tu, duniani kote. Aligunduliwa 1996. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme manyunyu yakakauka. Karibu 500 wakapelekwa Marekani, na 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliporudishwa 2010 walifikia Mlimani, kwenye chumba chao cha kulelewa, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Sasa niambie kiwanda gani cha sabuni kina kazi kama hiyo.

Mkemia wa Zamu

Kazi nzuri mzee, ila vyura wale walihitaji wahudumu wangapi?

Mzee wa Vimbweta

Hapo umenipiga.

Kipimajoto

Na fizikia mbona mnairuka? Erasto Mpemba je? Mwaka 1963, mwanafunzi wa Magamba, Lushoto, anatengeneza aiskrimu, maziwa yake ya moto yanaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Walimu wanamcheka. Anafika sekondari ya Mkwawa, Iringa, anakuja mhadhiri wa fizikia kutoka Mlimani, Denis Osborne, Mpemba anamuuliza tena mbele ya wote, wanacheka tena. Osborne akarudi Dar, akampa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta jibu kwamba ya moto yameganda kwanza, na kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 wakachapisha pamoja, na wanafizikia hadi leo wanabishana.

Kijana yuko PCB, najua. Nimeiweka tu.

Mwalimu wa Mbagala

Turudi kwa shangazi jamani. Dada, mtoe kijana ndani. Jumamosi aende mwenyewe Chang'ombe, kisha Mlimani. Asiende ofisi za udahili, akakae na wanafunzi wa mwaka wa pili. Wa kwanza bado wana furaha ya bumu, hela ya mkopo, wa tatu wameshachoka.

Shangazi wa Kigamboni

Mrejesho. Jumamosi alikwenda. Alivuka kwa pantoni, mwendokasi hadi Ubungo, akapanda Mlimani. Anasema tumbili walimpora chapati, akapotea, akaishia kwenye kimbweta na vijana wa kemia waliokuwa wanagombania hesabu moja. Akakaa nao hadi saa kumi, Chang'ombe akafika jua linazama, geti akaliona tu. Nilimuuliza lile swali la subira. Akasema hesabu yenyewe hawakuipata, na Jumatatu anataka arudi ajue imeishaje.

Jana saa nne usiku ametuma maombi. Kemia ya kwanza, DUCE ya pili, molekuli ya tatu. Baba yake hajaambiwa. Nani ana maneno ya kuanzia?

Mkemia wa Zamu

Mwambie kemia ya Mlimani imetoa Rais. Magufuli alisoma pale, digrii ya kwanza 1988, akarudi hadi akapata uzamivu 2009, kazi yake ilikuwa mafuta ya maganda ya korosho kuzuia kutu.

Mwalimu wa Mbagala

Na akikubali, mwambie taratibu kwamba ile digrii ya 1988 ilikuwa ya ualimu.