Mafiga matatu ya Kentucky

UKOO WA MWANGA, KIGOMA
Alhamisi, 20 Februari 2025, usiku

Mjomba Rashidi: Redio inasema mzee McConnell, seneta wa Kentucky huko Marekani, hagombei tena mwakani. Baba Eliya, kiti cha useneta wa Kentucky kiko wazi. Huyo gavana wenu Beshear si anajichukulia tu?

Baba Eliya (Lexington): Shikamoo mjomba. Ndiyo habari ya hapa, nipo mapumziko ya kazini kila mtu kainamia simu. Ila kujichukulia… mh.

Mjomba Rashidi: Marahaba. Hiyo "mh" ya nini? Mwaka juzi ulitujazia picha humu na kistika cha kupiga kura kifuani, ukasema jamaa anapendwa hata na wapinzani. Naweka dau la migebuka mikavu kilo tano, akigombea anashinda.

Mama Zuhura (Kasulu): Kilo tano nimeziona. Sifuti huu ujumbe.

Hamisi (Dar): Ngojeni kwanza. Kentucky si ndiko Trump juzi Novemba kaacha pengo la pointi 30? Gavana wa Democrat katokea wapi?

Baba Eliya: Ndiyo maajabu yenyewe. Mwaka 2019 alimtoa Bevin, gavana wa Republican, kwa kura elfu 5 na ushee, kati ya milioni 1.4. Bevin alikuwa amegombana na walimu, na huku ukigombana na walimu umegombana na kila nyumba. Halafu 2023 akamshinda Cameron wa Republican kwa pointi 5. Siku hiyohiyo mwanasheria mkuu, mweka hazina, na vyeo vingine vyote vya jimbo vikaenda Republican.

Mama Zuhura: Kumbe walivunja mafiga matatu, yale ya CCM: rais, mbunge na diwani wote chama kimoja.

Hamisi: 😂😂 Mama Zuhura kamaliza

Baba Eliya: Tena mama mdogo, huku mafiga yamechapwa kwenye karatasi ya kura! Juu kabisa kuna viduara vya vyama. Ukijaza kimoja kwa wino umemaliza, karatasi nzima inahesabiwa chama hicho. Mara yangu ya kwanza nilishika kalamu nikatetemeka, nikaona nikijaza vibaya nitarudishwa kambini Nyarugusu. Sasa wapo wanaojaza cha Republican, kisha wanashuka kwenye gavana na kujaza Beshear. Hapo mashine inafuata ulichojaza chini.

Mjomba Rashidi: Basi si wamjazie na useneta?

Shangazi Tatu (Ujiji): Rashidi mwache aeleze. Mwanangu, huyo bwana ana dawa gani?

Baba Eliya: Shangazi, kwanza ni jina. Baba yake, Steve, alikuwa gavana 2007 hadi 2015. Lakini kubwa ni misiba. Wakati wa korona alikuwa anakaa mbele ya kamera saa 11 jioni, anaongea polepole kama mtu wa familia, akaomba watu wawashe taa za kijani nyumbani kuwakumbuka waliokufa. Jirani yangu, mzee mmoja aliyewahi kuchimba makaa, alifunga balbu ya kijani barazani. Bendera ya Trump ipo palepale uani, mita tatu tu. Jioni ile balbu inamulika bendera. Nilitamani kupiga picha nikaona aibu.

Shangazi Tatu: Maskini.

Baba Eliya: Kikaja kimbunga cha Mayfield Desemba 2021, kisha mafuriko ya milimani mashariki Julai 2022. Kote alikwenda. 2023 akashinda kaunti kama Letcher na Perry, na huko Trump 2020 alizoa zaidi ya robo tatu ya kura.

Mjomba Rashidi: Unanisaidia mimi sasa. Migebuka yangu imepona.

Baba Eliya: Sasa sikia, mjomba. Yule mzee wa balbu nilimuuliza kuhusu Washington. Akacheka. Kwake Andy ni wa hapa nyumbani, barabara zikifunikwa maji unamtafuta Andy. Ila Washington hapeleki mtu wa kwenda kuwaongezea Democrat idadi.

Hamisi: Nimepekua kidogo. Phil Bredesen wa Democrat, gavana wa zamani Tennessee, alipendwa kweli. 2018 akagombea Seneti, mpaka Taylor Swift akamuunga mkono, kapigwa kama pointi 11. Steve Bullock wa Montana, naye Democrat, akiwa gavana madarakani, 2020 kapigwa pointi 10.

Mjomba Rashidi: Hao ni wawili. Tafuta aliyeshinda.

Hamisi: Joe Manchin wa Democrat, West Virginia. Ugavana, kisha useneta.

Mjomba Rashidi: Haya!!

Baba Eliya: Manchin aliingia 2010, mjomba. Mwaka jana hakuthubutu hata kugombea, kiti kikaenda Republican. Na upande wa pili ni hivyohivyo: Maryland ni ngome ya Democrat, Larry Hogan wa Republican kawa gavana mihula miwili watu wanampenda, kataka useneta mwaka jana kaangushwa na Alsobrooks wa Democrat. Hapa kwetu Democrat wa mwisho kushinda useneta ni 1992. Amy McGrath wa Democrat 2020 alikusanya zaidi ya dola milioni 90 za kampeni, McConnell akamshinda kwa karibu pointi 20.

Mama Zuhura: Milioni 90 za dola?? Hizo si ungejenga daraja Kigoma mpaka Kalemie

Mjomba Rashidi: Mimi nina swali moja. 2015 sisi Kigoma Mjini tulimpa Zitto ubunge kwa chama cha upinzani ACT, na Magufuli wa CCM akapita urais. Mbona tuliweza?

Baba Eliya: Swali zuri, na linakuangusha 😄 Zitto alipita peke yake chama kizima. Nani aliogopa kwamba kiti kimoja kingewapa ACT serikali? Ulimchagua mtoto wa nyumbani, hakuna lililotikisika. Seneti huku ni Republican 53, Democrat na wenzao 47. Kila kiti kinahesabiwa nani ataongoza kamati, nani atapitisha majaji. Ugavana huna hofu hiyo, tena bunge la jimbo Republican ni wengi mno, akikataa sheria kwa veto wanaipindua. Mpiga kura anajua hawezi kumharibia kitu. Ndiyo maana anaweza kumpenda.

Shangazi Tatu: Kwa hiyo wanampenda kwa sababu wamemfunga kamba.

Baba Eliya: Shangazi 🙌🏾

Mjomba Rashidi: Maneno mengi. Agombee tuone.

Baba Eliya: Nimeingia mtandaoni sasa hivi. Mshauri wake kasema hagombei Seneti. Basi tena.

Hamisi: 🤣🤣🤣

Mjomba Rashidi: Dau limekufa. Nilisema AKIGOMBEA.

Mama Zuhura: Rashidi usilete usheria. Mtu wako kaona mbali kuliko wewe, kakimbia. Hiyo ni kushindwa.

Mjomba Rashidi: Ugavana wake unaisha lini?

Baba Eliya: Desemba 2027. Sheria haimruhusu muhula wa tatu mfululizo. Watu wanamtaja urais wa 2028.

Mjomba Rashidi: Nahamishia dau 2028.

Mama Zuhura: Hamishia kwenye basi la Jumamosi linalokuja Kasulu. Kilo tano, na usichanganye na dagaa.