MREJESHO: Bikoni iliyopotea na ukuta wa jirani

Habari wakuu. Niliuliza kuhusu kiwanja cha mita 20 kwa 30 hapa Tanzania: bikoni moja (alama ya zege ya kona ya kiwanja) haionekani, jirani ameinua ukuta, na kodineti (namba za mahali) za ramani ya upimaji nikiziingiza kwenye simu zinaangukia mtaa mwingine kabisa. Limekwisha, na asanteni sana.

Aliyesema tatizo ni datumu, yaani mfumo ambao kodineti zinahesabiwa kutoka kwake, alipatia. Ramani iko kwenye datumu ya zamani, Arc 1960; simu inasoma WGS84, datumu ya GPS. Ukizichanganya bila kubadili, unakosea takriban mita 300 kaskazini-kusini. Hata ukibadili, simu bado inayumba mita kadhaa, kwa hiyo haifai kuamulia ukuta.

Mpima aliyesajiliwa hakuanzia kwenye ukuta. Alihakiki kwanza bikoni tatu zilizobaki: upande wa 30 ulisoma 30.02, ulalo (kona hadi kona ya mkabala) 36.07 badala ya 36.06. Ziko sawa, hazijahamishwa. Hapo ndipo akaitafuta ya nne kutoka mbili kati ya hizo, akapiga alama, tukachimba taratibu kwa mkono. Sentimita 40 chini ya kifusi ikatokea zege, na nondo yake katikati.

Ukuta umeingia kwangu sentimita 35. Jirani na mwenyekiti wa mtaa walikuwepo tangu kamba ya kwanza, wakasaini vipimo. Jirani atabomoa mwenyewe; angekataa, ripoti ya mpima ingeenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Tafadhali, bikoni ikipotea usisimike yako. Ni kosa kisheria, na inaharibu ushahidi wako.